Siku Nne za Bibi Nhan

— Mji kwanza! Hakuna kwenda kuoga baharini kabla hujausalimia mji mkuu!

— Kisiwa kwanza, we Kapteni! Mjini dada Nhan atamaliza miguu, akifika kisiwani atalala kama gunia la mpunga.

Walikuwa wakigombana hivyo nilipotoka na kahawa ya pili. Kijiwe chetu kiko mbele ya nyumba ya bibi yangu, karibu na stesheni ya Yen Bai: vigoda sita vya plastiki, meza moja, na vichujio vya bati vinavyodondosha kahawa taratibu juu ya maziwa mazito ya kopo. Kapteni aliendesha kivuko cha Mto Mwekundu miaka thelathini, ng'ambo hii na ng'ambo ile, basi. Sharubu ni kinyozi, na juu ya mdomo wake hapana hata unywele mmoja. Kalenda ni fundi saa, na tarehe zote za mwezi mwandamo, njema na mbaya, ziko kichwani mwake. Mimi ni Tham, nina miaka kumi na sita. Niliacha shule bibi alipovunjika nyonga. Wazee walikuwa wakimpangia bibi safari: siku mbili Hanoi, siku mbili kisiwa cha Cat Ba. Bibi Nhan ana miaka sabini na moja na hajawahi kuiona bahari. Alikwisha kusema kwamba magoti yake yamebakiza mwaka huu tu wa kupanda ngazi za treni, na kwamba bila mimi haendi.

— Ule mji una zaidi ya miaka elfu, Sharubu, alisema Kapteni. Kuna kobe wa mawe kule, wamebeba majina ya wasomi mgongoni, na hawajalalamika mpaka leo!

— Wako themanini na wawili, nikasema.

— Umesikia? Mtoto huyu asiwaone kobe wake, sisi ni watu kweli?

Sharubu akaweka kikombe chini.

— Na kisiwa je? Ukipanda kilimani Cat Ba unaona majabali yamejaa baharini kama ng'ombe waliolala, na maji ya kijani mpaka unataka kuyanywa. Mteja wangu alikaa huko wiki moja, akarudi nywele laini kama za mtoto. Nilizikata kwa mkono wangu!

— Nywele zinahusu nini hapa?

— Hewa, bwana! Inaingia mpaka kwenye mizizi. Dada Nhan atarudi bila fimbo.

— Atarudi bila fimbo kwa kuwa ataisahau kwenye boti.

Hata Kalenda alicheka. Kapteni akainuka na kuelekeza kidole upande wa mto.

— Sikilizeni. Mto huu unapita hapa, unapita Hanoi, unaingia baharini. Maji aliyofulia dada tangu usichana wake yako huko yanamngoja. Akifika, bahari itamjua! Basi mto wenyewe umeshapanga: mji kwanza, kisiwa baadaye.

Sharubu akachukua tena kikombe chake.

— Haya, alisema. Mto umenishinda. Waondoke keshokutwa, tarehe tano.

— Tano! Kalenda akaruka. Unataka kumuua? Siku mbaya hiyo, hata paka hatoki.

— Saba.

— Tarehe saba haondoki mtu nyumbani kwake.

— Nane, basi.

— Ukihesabu siku nne unaangukia kumi na moja, siku ya kumkumbuka marehemu mumewe. Marehemu aje kula kuku wake wa tambiko akute mlango umefungwa?

— Baada ya hapo?

— Kumi na nne mbaya. Kumi na tano mwezi mpevu, siku ya kufukiza ubani. Kumi na nane wewe mwenyewe unaozesha binti, au umesahau?

Nilianza kukata tamaa. Kila tarehe ilikuwa na mwenyewe. Nikahesabu kwa vidole nyuma ya sinia.

— Babu Kalenda, na sita? Tarehe saba itatukuta tumeshaondoka, na tisa tumerudi.

Alifumba macho, midomo ikamchezacheza.

— Sita, alisema polepole. Sita ni safi. Binti huyu ana akili kuliko nyie wote!

Wakapiga meza kwa furaha mpaka vikombe vikaruka. Niliwapenda sana wakati ule.

Mama mmoja alikuwa ameshuka kwenye treni na furushi la mdalasini, akaketi pembeni anakunywa. Akauliza kwa upole:

— Samahani wazee. Siku hizo nne, kahawa hapa atapika nani?

 Sharubu alimtazama Kapteni, Kapteni akatazama mto, kisha wote watatu wakanitazama mimi.

— Labda Tham... alianza Kalenda, sauti imemfifia. Kobe wa mawe hata mwakani watakuwepo.

Magoti ya bibi hayangekuwepo mwakani, na bila mimi haendi. Hilo wote walilijua. Nilifungua mdomo niseme nitabaki, nitambembeleza aende peke yake. Pazia likasogea. Bibi alisimama mlangoni, mikono imelowa maji ya vyombo, akawatazama mmoja mmoja.

— Nimewapikia tangu Kapteni akiwa na nywele, alisema. Kahawa iko juu ya kabati. Tham nakwenda naye. Atakayeona kiu, apike.