Kambakoche Mezani kwa Wakwe

Fundi cherehani mmoja, ndani ya suti aliyojishonea mwenyewe, alimgeukia mpishi wa hoteli aliyeketi kati yake na mimi kwenye basi. "Samahani, dada. Kambakoche mzima analiwaje? Leo tunakula kwa wazazi wa mchumba wa binti yangu, na nasikia huyo kambakoche ndiye atakayetupokea mezani."

Mpishi alinipokonya mwavuli bila kuniomba. "Huyu ndiye kambakoche. Shika kichwa, zungusha mkia mpaka ung'oke. Bana gamba lipasuke, uchomoe nyama. Miguu unaivunja na kuifyonza."

"Nifyonze mbele ya wakwe? Na mchuzi ukirukia suti?"

"Suti itafuliwa."

"Aibu je, nayo inafuliwa?" Fundi alishusha sauti. "Marehemu mke wangu angekuwepo, angeniongoza kwa jicho tu."

Mpishi alilegeza mkono ulioushika mwavuli wangu. "Basi waambie hujui, wakufundishe."

"Mzee mzima nifundishwe kula?"

"Kwani sasa hivi unafanywa nini?"

"Wewe si mkwe wangu!"

Walikuwa bado wakibishana basi liliposimama. Fundi alishuka akiapa kwamba atasingizia jino linamuuma. Kituoni binti yake alimkimbilia, akamwekea sawa kola, kisha akamnong'oneza kwa sauti iliyofika hadi dirishani petu: "Baba, umepata wa kukueleza kambakoche analiwaje? Maana hata mimi sijui pa kuanzia."

Mzee alikunja mikono ya koti palepale barabarani, akaanza kumfundisha.