Kaburi la Koko

Ézéchiel alirudi Bunia kutoka Kampala na mvi kichwani, na mapajani kopo la rangi nyeupe ya kupaka msalaba wa kaburi la baba yake. Ndani ya teksi alimwuliza mama aliyeketi pembeni yake: "Mama, ile mikaratusi ya kilimani ilienda wapi? Kwetu nilikuwa najua kwa ile miti."

"Siye wakimbizi tulipikia, papa," alijibu mama bila kupepesa jicho.

Ézéchiel hakujua akasirike au acheke. Kilima alichokiacha na ng'ombe sasa kiling'aa mabati matupu.

"Kule juu tulikuta kiwanja haina mutu, kaburi tu," mama aliendelea. "Kila Samedi ninaifagia. Batoto yangu banamuitaka koko, sawa babu yabo wa kweli."

"Na wenye kiwanja wakirudi?"

"Nitabaonyesha vile nilimuchunga muzee yabo. Lakini kutoka, hapana. Kwetu Kpandroma bunduki haiyanyamaza."

"Kwenye musalaba iko jina gani?"

"Mvua ilifuta."

Teksi ikasimama chini ya kilima. Mama akashuka, akakung'uta kitenge, kisha akainama dirishani. "Na weye, papa, unashukia wapi?"

Dereva naye akageuka kumtazama, injini ikinguruma.