Odile Robichaux na Vigae Vilivyotemewa Mate

Wasikilizaji wapendwa, kama mnapika, punguzeni moto mje mkae. Leo nina kumbukumbu ambayo ningefurahi kama ingesomwa na mtu mwingine, lakini zamu ni yangu.

Tumempoteza Odile Robichaux. Amefariki Jumanne asubuhi nyumbani kwake, hapa hapa Rosamond, akiwa na umri wa miaka themanini na minane. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Odile Robichaux, mbandika vigae, ametutoka.

Wengi mnamjua kwa ile supu yake ya kamba kwenye sherehe za kanisa. Mlikuwa mnapanga foleni na yeye anawasema mmoja mmoja: "Wewe umeshakula mara mbili, nenda kanywe maji." Alizaliwa Louisiana, akaja huku jangwani na mumewe, na mpaka anakufa hakuacha kuulalamikia upepo wetu.

Lakini kabla ya supu kulikuwa na vigae. Mnakumbuka kile chombo cha kwanza cha kupeleka watu angani, kirudi nao, kitue kwenye ziwa kavu, halafu kiende tena. Wakati wa kurudi, kinapita kwenye moto. Kinachomkinga rubani na moto huo ni vigae, maelfu kwa maelfu, vilivyobandikwa kwa mkono, kimoja baada ya kingine. Mikono yenyewe ilikuwa ya wanawake wa mitaa hii. Odile alikuwa mmoja wao. Concha Arvizu, wa ng'ambo ya barabara, alikuwa mwingine.

Mlioshtuka kusikia jina hilo, mko sahihi. Mimi ni Ximena Arvizu, na Concha ni mama yangu. Yeye na Odile walikuwa chanda na pete. Siku ya ubatizo wangu aliyenibeba ni Odile. Kwa hiyo leo namkumbuka mama yangu wa ubatizo.

Sasa sikilizeni. Gundi ya vigae ilikuwa inachelewa mno kukauka. Kigae kimoja, siku nzima. Na wakubwa wa kampuni, ambayo sitaitaja, walikuwa wanapigia kelele tarehe. Siku moja Odile akatema mate kidogo kwenye kikombe cha gundi, kwa mazoea tu, maana alikuwa mshonaji, na mshonaji hulowesha uzi mdomoni. Gundi ikashika upesi. Akamwonyesha mama. Mama akawaonyesha wengine. Baada ya wiki mbili banda zima linatema mate, kazi inakwenda chapuchapu, msimamizi anasifiwa, na hakuna anayeuliza.

"Tulicheka sana," mama ameniambia wiki hii. "Tulikuwa tunaulizana, wewe umekula pilipili leo? Usije ukawaunguzia watu chombo chao."

Likaja jaribio la kwanza. Chombo kikapandishwa mgongoni mwa ndege kubwa, kikazungushwa hewani bila mtu ndani, ili kijaribiwe na upepo. Kiliporudi chini kilikuwa na mapengo kama mtoto wa miaka sita. Wahandisi wakaulaumu upepo. Odile akayakumbuka mate. Alirudi nyumbani na vikombe viwili vya gundi, kimoja akakitemea mate, kingine akakiacha, na ndani ya kila kimoja akabandika kipande cha kigae. Akaviweka dirishani jikoni. Wiki ya tatu, kile cha mate kilibanduka kwa ukucha.

Aliyetakiwa kurusha chombo hicho angani aliitwa Royce Haldane. Kila Ijumaa alikuwa anakuja bandani na sanduku la donati, na kila mwanamke alimjua kwa jina. Aliwahi kumuuliza Odile, "Mama, hiki ulichobandika leo kitanirudisha nyumbani?" Odile akamjibu, "Kitakurudisha, ila wewe mwenyewe punguza donati." Zilikuwa zimebaki siku tisini Royce apande.

Odile akavuka barabara na vikombe vyake, akaja jikoni kwetu.

"Comadre, tazama." Ndivyo mzazi na mama wa ubatizo wanavyoitana kwa Kihispania, nao waliitana hivyo tangu nibatizwe.

Mama akatazama. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Basi yaishie hapa. Nina watoto watatu, na mume wangu mgongo umekwisha. Ukisema, tumefukuzwa."

"Na Royce je?"

"Wahandisi pale wako wangapi? Si watafute wenyewe? Wamesoma kwa nini?"

"Concha, mate yalianza kwangu."

"Haya. Lakini ukienda kusema, usinijue tena."

Jumatatu asubuhi Odile alikwenda kusema. Aliviweka vikombe viwili mezani kwa mkubwa. Hakumtaja mtu, na alipotoka alivichukua vikombe vyake. Lakini kila kigae kilikuwa na namba ya aliyekibandika, na namba hazina aibu. Wanawake watano, wale ambao vigae vyao vilidondoka zaidi, walifukuzwa kazi, Odile na mama wakiwamo. Vigae vikang'olewa, vikaanza kubandikwa upya. Safari ikaahirishwa zaidi ya mwaka.

Mama alitimiza neno lake. Nyumba zinatazamana, barabara ni moja, na hawakusemeshana tena. Na sisi watoto tukakatazwa kumwamkia Odile, hata shikamoo. Nikatii. Nilikuwa na miaka sita.

Miezi minne baadaye, kati ya wale watano, mama peke yake aliitwa kazini. Tulikula vizuri, nikasoma. Mama alikuwa anajigamba mpaka majuzi: "Walishindwa bila mkono wangu."

Siku chombo kinarudi, mama alikuwa zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi yuko uani. Odile naye uani kwake. Wote wawili wametazama juu. Vikasikika vile vishindo viwili vya chombo kinachokwenda kasi kuliko sauti, madirisha yakatikisika, tukajua Royce amepita kwenye moto na yuko hai. Odile alikaa chini mchangani, akalia. Mama akaingia ndani.

Wasikilizaji wapendwa, Alhamisi hii Clarisse, binti yake Odile, alikuja hapa studio na barua ya zamani. Ni ya Royce, aliyoiandika baada ya wale watano kufukuzwa. Nasoma: "Nilikuahidi nitapigania kazi yako, kwa kuwa maisha yangu umeyaokoa wewe. Ukaniambia nafasi hiyo nimpe Concha Arvizu, mwenye watoto watatu. Nimefanya hivyo. Umeniambia asijue. Sielewi, lakini nitanyamaza."

Clarisse aliwahi kumuuliza mama yake kwa nini. Odile alimjibu, "Namjua Concha. Akisikia kazi imetoka kwangu, ataitupa siku hiyo hiyo. Bora aninunie akiwa ameshiba."

Nilimpelekea mama barua hiyo. Akaniambia nimsomee tena. Kisha akaomba viatu. Ana miaka themanini na sita, nikamshika mkono, tukavuka ile barabara. Jikoni kwa Odile vile vikombe bado viko dirishani. Mama alikichukua kile kisicho na mate, akakikwangua kigae kwa ukucha. Hakikubanduka. Akakwangua tena. Akalia kwa sauti, mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akilia. Halafu akajifuta, akamgeukia Clarisse: "Sufuria lake la supu liko wapi? Watu wa msiba watakula nini?"

Kwa Clarisse na ukoo wote wa Robichaux, poleni sana. Poleni kutoka kituo hiki, na poleni kutoka nyumba ya ng'ambo. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mlango umeupita miaka mingi bila kubisha, hebu jiulize nani alikukataza, na kama bado anakukataza. Mimi nilikatazwa nikiwa na miaka sita. Nilipofika arobaini hakuna aliyenizuia. Nilikuwa nimezoea tu, na kila siku nilikuwa nampita akimwagilia maua yake, nikiangalia pembeni, nikija hapa kuwasalimu ninyi.

Shikamoo, mama Odile.