Bi Kadi, Mhariri Asiyekwepa

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, Bi Kadi, mhariri mkuu wa idara yetu ya kamusi, anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi na hakuna anayelitumia, hata mumewe. Sherehe hii ilipangwa mara tatu na mara zote tatu akapata udhuru: kwanza mafua, kisha herufi M ambayo haijakamilika, kisha mafua tena. Leo tumemkalisha mstari wa mbele, katikati ya wageni wawili, mshonaji na dada yake mkubwa, ambao hawezi kuwaruka bila kuvunja heshima. Kwa hiyo tunaweza kuanza.

Aliingia ofisini akiwa mpiga taipu, kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha lisilofungika na kabati la droo arobaini. Haikuchukua miezi sita akagundua kwamba mifano mingi ya kamusi yetu ilikuwa imetungwa na wahariri wakiwa wamekaa vitini, na kwamba hakuna binadamu aliyewahi kuitamka. Alimwambia hivyo mkuu wa wakati huo, uso kwa uso, mbele ya watu. Mkuu alinuna wiki nzima, kisha akampandisha cheo kuwa mhariri msaidizi.

Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni tunayoifuata hadi leo: mfano usiosikika hauandikwi. Kila neno lina kadi zake, na kila kadi ina sentensi iliyosikiwa kwa masikio, pamoja na kazi ya aliyeisema. Mkoba wa Bi Kadi haujawahi kukosa kadi tupu. Aliandika kadi kwenye foleni ya benki, kwenye kiti cha daktari wa meno, na kwenye harusi ya mpwa wake, bwana harusi akiwa bado anakula kiapo. Majirani zake wakimwona anapita hupunguza sauti. Mumewe anasema kugombana naye nyumbani ni hatari, maana maneno yako unaweza kuyakuta yamechapwa.

Anayetaka kuona kazi yake afungue neno la Kiingereza «avoid». Kamusi nyingi hulimaliza kwa neno moja tu, epuka, na kufunga duka. Bi Kadi alilikusanyia kadi themanini na tatu. Dereva wa lori: «Nilikuwa nakwepa shimo, nikatumbukia kwenye shimo mwenzake.» Daktari, kwa mgonjwa wa presha: «Jiepushe na chumvi, mzee wangu, usijiepushe na mimi.» Mama jikoni, kwa binti yake mkubwa: «Acha kutega, vyombo havijioshi.» Shangazi mmoja kwenye simu: «Kama ananihepa, mwambie dunia ni duara.»

Alitufundisha kwamba pale ambapo Mwingereza ana neno moja, sisi tunataka kwanza kujua kinachoepukwa ni nini, na kwa nini. Shimo halioni vibaya likikwepwa, mtu anaona. Ndiyo sababu maana ya kumtenga mtu aliiweka mwisho kabisa, ya sita, ikiwa na onyo kwamba mtumiaji afikiri mara mbili.

Sasa nimefika mahali ambapo mwandishi wa wasifu huu angependa sana kuparuka. Toleo la kwanza lilitoka maana ya sita ikiwa imekaa mahali pa kwanza.

Mfasiri mmoja wa zahanati, mwenye haraka zake, alikuwa akitafsiri karatasi ya ushauri kuhusu kifua kikuu. Kiingereza kilisema watu waepuke kukaa na mgonjwa kwenye chumba kisicho na hewa, wiki za mwanzo za matibabu. Mfasiri akafungua kamusi yetu, akachukua maana ya kwanza, na karatasi ikatoka imeandikwa: Mtengeni mgonjwa. Karatasi hiyo ilibandikwa kwenye mlango wa jiko la mshonaji mmoja aliyekuwa akiishi na dada yake. Mshonaji, ambaye ndiye aliyekuwa mgonjwa, alimeza dawa zote, akapimwa, akaambiwa amepona. Hata hivyo cherehani yake ilibaki uani, na kikombe chake kilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio ili mwingine asikikosee. Wapwa zake walikatazwa kumkaribia, na wateja wakahamia kwingine. Zahanati ilipomwambia neno lile limetoka kwenye kamusi yetu, alituandikia barua ya mistari minne. Alisema: «Mimi nimepona zamani, karatasi ndiyo haijapona. Naomba kuuliza, hivyo ndivyo Kiingereza kilivyosema?»

Bi Kadi aliiweka barua ile chini ya kamusi kubwa kwa siku kumi na moja. Naziandika siku hizo kwa sababu mwenyewe hazifichi. Husema ndizo siku pekee alizolijua neno lile, kuepuka, kwa ndani. Mkuu alishauri tusubiri toleo la pili, turekebishe kimyakimya. Siku ya kumi na mbili Bi Kadi alichukua mkoba, akaenda kwa mshonaji.

Yaliyotokea huko alitusimulia mshonaji, maana mwenyewe hakutueleza. Bi Kadi aliikusanya familia sebuleni, akawasomea karatasi ya Kiingereza mstari kwa mstari, akawaeleza ilivyopaswa kusomeka. Akawaambia kosa ni la mhariri na mhariri ni yeye. Kisha akaomba maji ya kunywa. Dada mtu alileta glasi ya wageni. Bi Kadi akainuka, akaenda mwenyewe kwenye rafu, akachukua kikombe chenye uzi mwekundu, akajaza maji, akanywa yote mbele yao. Dada mtu alianza kulia. Dada mwenyewe akachukua mkasi wa mshonaji akaukata ule uzi.

Baada ya hapo tulichapa vipande vya masahihisho na kuvibandika kwa mikono kwenye nakala elfu mbili na mia moja, wiki tatu mfululizo, hadi vikombe vya chai vikanuka gundi. Barua ya kuomba radhi aliisaini peke yake.

Haikuwa haki aisaini peke yake. Bunda la kadi za neno lile nililiangusha mimi kwenye ngazi, asubuhi ya kulipeleka kwa wachapaji, gari lao likipiga honi getini. Niliziokota mbiombio, nikazipanga kwa kukisia, nikafunga kamba. Bi Kadi alijua. Yeye hufunga kamba kwa kitanzi, mimi hufunga mafundo mawili, na kamba ilirudi kutoka kwa wachapaji ikiwa na mafundo yangu. Hakuniuliza, wala hakumwambia mtu. Alichofanya ni kuniletea kalamu na kunionyesha jinsi ya kuandika namba kwenye kona ya kila kadi, na tangu siku hiyo idara nzima hufanya hivyo. Miaka kumi na tisa imepita. Kila mara mshonaji alipokuja kumtembelea Bi Kadi, ambaye sasa ni rafiki yake, mimi ghafla nilikumbuka shughuli ya stoo.

Matoleo matatu, kadi elfu sitini na moja na wahariri kumi na wanne waliopita mikononi mwake ni mambo ya kujivunia, na yameandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa. Hakuna kilichochapwa ofisini humu bila kupita kwenye kalamu yake nyekundu. Kurasa hizi ndizo za kwanza, kwa kuwa angezikata aya tatu za mwisho kabla hajamaliza chai.

Asante, Bi Kadi, kwa kutufundisha kusikiliza kabla ya kuandika, na kwa kunibebea mzigo usiokuwa wako. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na mume asiyechoka kusikilizwa. Sherehe ikiisha nitakuja pale mstari wa mbele kumsalimia mshonaji na kumwomba radhi kwa mdomo wangu. Ufunguo wa stoo nimemwachia mlinzi.