Mbuzi Wameondoka, Mdoli Amekuja

Siku hiyo kijiweni tulikuwa watano: Redio fundi viatu, ambaye akishawaka hazimiki; Polepole kinyozi, aliyekuwa anasubiri mteja; Shangazi, mwenye birika la kahawa na benchi lenyewe; Mzee Majani, mlishaji wa mbuzi wa chuo cha udaktari kilicho ng'ambo ya barabara; na mimi na charahani yangu. Mwanangu simhesabu, maana alikuwa amelala miguuni pangu juu ya furushi la vitambaa. Ngiri yake ilikuwa imevimba tena, na keshokutwa alikuwa apasuliwe katika hospitali ya chuo hicho hicho. Mzee Majani alikuja na mzigo wa majani mabichi kichwani, akautua chini, akautazama kana kwamba umeangushwa na mtu mwingine.

— Mzee, hayo majani ya nani? Redio akauliza. Si mbuzi wa chuo wamepelekwa shambani juma lililopita?

— Nimeamka, nimekata, nimebeba. Nimefika getini ndipo nikakumbuka.

Shangazi hakucheka. Alimmiminia kikombe cha kwanza, ingawa zamu ilikuwa ya Polepole, na Polepole akajifanya anaangalia barabara.

— Kwani wamewaondoa kwa nini? Polepole akauliza.

— Wameleta mdoli, Mzee Majani akasema. Wa mpira. Anapumua, moyo unadunda, ukimkata anatoka damu ya rangi. Wanafunzi sasa wanajifunzia kwake. Wamesema mnyama aliye hai hakatwi tena kwa ajili ya somo.

— Afadhali, nikasema.

— Afadhali wapi, Mama! Redio akaruka. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyo mdoli akisifiwa sana, si watamtia maji mwili mzima? Daktari akizoea maji, siku akiona damu yako atazimia yeye kabla yako.

— Wewe hiyo methali umeiokota wapi? Shangazi akauliza.

— Ilikuwa haina mwenyewe.

Polepole akashusha sauti.

— Mimi nimesikia kwa mteja. Mdoli huyo ukimchoma vibaya anapiga yowe, na yowe linasikika mpaka ofisini kwa mkuu wa chuo.

— Yowe ni dogo hilo! Redio akasema. Anakumbuka! Mtihani wa mwisho anasahihisha yeye. Anavaa miwani, anakaa kitini, anasema: wewe si ndiye uliyenichoma mbavuni? Rudi darasa la kwanza.

— Na akistaafu? Polepole akauliza.

— Akistaafu anazawadiwa mbuzi.

Tulicheka wote, hata Mzee Majani. Nilipoona amecheka nikapata ujasiri wa kumuuliza jambo nililotaka kujua tangu zamani.

— Mzee, walikuwa wanaumia?

— Walilazwa kwa dawa kwanza. Wakishalala hawasikii kitu, wala hawaamshwi tena. Mimi nilikuwa nawashika kichwa mpaka usingizi uwachukue. Walimu walinipenda kwa sababu mbuzi wangu hawakuvutwa kamba. Nikisimama mlangoni na majani, wananifuata wenyewe mpaka ndani.

Akageuza kikombe mkononi.

— Hapo ndipo panaponiuma. Wananifuata.

Polepole akasogea kwenye benchi, akakaa karibu naye zaidi.

— Lakini walisaidia watu, Mzee, Redio akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. Daktari aliyemshona shemeji yangu si alijifunzia kwa mbuzi wako? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa asiyefunzwa na mbuzi atafunzwa na nani?

Alitaka kumfariji Mzee. Mimi nikamtazama mwanangu, na mshono niliokuwa ninaupiga ukaenda upande.

Hapo akaja msichana mwenye koti jeupe lililomzidi mikono.

— Shikamooni. Kahawa ipo?

— Marahaba, mwanangu, ipo kidogo, Shangazi akasema, akamimina.

— Daktari huyo! Redio akawaka tena. Tuamulie. Mbuzi na mdoli, nani mwalimu?

— Bado mwanafunzi mimi, kaka. Mdoli nimemchoma mpaka nimechoka. Ukikosea unarudia, hakuna anayeumia. Kaka yangu alisoma hapa wakati wa mbuzi. Anasema alitetemeka, akakosea, na mbuzi ndiye huyo huyo mmoja, hakuna kurudia.

— Unaona? nikamwambia Redio.

— Ila kesho napelekwa chumba cha kutolea damu, msichana akasema. Mwalimu wangu atakuwa pembeni, lakini mkono utakuwa wangu. Mdoli hajawahi kunitazama usoni, dada. Mtu atanitazama.

Akashika kikombe kwa mikono miwili.

— Hivi kati yenu hapa, nani angekubali kuwa wa kwanza?

Redio akachukua kiatu ambacho alikwisha kukimaliza, akaanza kukigonga upya. Polepole akaangalia barabara. Mzee Majani akaangalia majani yake. Shangazi akatikisa birika lililokuwa tupu. Mimi nikainamia charahani, nikatunga uzi upya.

Msichana akatabasamu, akasema haina neno. Alikifuta kikombe kwa leso yake kabla ya kumrudishia Shangazi, akavuka barabara.

Kesho yake nilikwenda kutoa damu ya akiba, kama mzazi anavyotakiwa kabla mtoto hajapasuliwa. Muuguzi mzoefu alikuwa na foleni mpaka mlangoni. Kiti cha mbele ya yule msichana kilikuwa kitupu. Hakuna aliyenivuta, nilikwenda mwenyewe, nikakunja mkono wa gauni, nikageuza uso dirishani ili nisimtazame.

Mara ya kwanza aliukosa mshipa, akaniomba radhi. Mara ya pili akaupata. Siku iliyofuata mwanangu alishonwa salama na daktari mkubwa bila kuhitaji damu ile, akapewa mwanamke aliyejifungua chumba cha pili.