Mlinzi wa Malka na Wafalme wa Kuazima

Hebu lione gogo la mkuyu mbele ya kibanda cha Dahabo, hapo Garsen, njia inapoteremkia kwenye pantoni. Ni mwaka 1954, kiangazi. Dahabo anakaanga buni kwa samli, zile punje nzima za kahawa tunazotafuna taratibu. Gogoni wamekaa watatu wa kila siku. Dukicha ni mfugaji, tunamwita Fahali. Pekeshe ni mkulima, tunamwita Mgomba. Nehemiah tunamwita Kalenda, kwa sababu haachani na kalenda kuukuu ya Kijerumani aliyopewa na mmisionari wa kijiji cha Ngao, yenye picha za wafalme wenye masharubu. Pembeni yupo mgeni, Buya, fundi wa mashua kutoka Kipini. Mfuko wake uko magotini, anasubiri pantoni.

Shida ya siku ile ilikuwa malka, njia ya ng'ombe kuteremkia mtoni katikati ya mashamba. Mlinzi wake wa miaka mingi alikuwa amefariki. Dukicha alimtaka mfugaji achukue kazi, Pekeshe akamtaka mkulima, na mpaka wapatane, njia ilikuwa imezibwa kwa miiba. Ng'ombe wa Dukicha hawakuwa wamekunywa maji tangu juzi. Tuliwasikia wakilia nyuma ya vibanda.

Ndipo Kalenda akafungua kalenda yake. Akatueleza kwamba Wagiriki nao, zaidi ya miaka mia iliyopita, waligombana nani awaongoze, na madola makubwa yakawaletea kijana wa miaka kumi na saba, mtoto wa mfalme wa Bavaria huko Ujerumani. Wabelgiji wakachukua Mjerumani. Waromania vilevile. Wabulgaria walimchukua mmoja, hakudumu, wakaenda kumtafuta mwingine.

— Kwa nini Wajerumani tu? akauliza Pekeshe.

— Ujerumani ilikuwa vijinchi zaidi ya thelathini, na karibu kila kimoja kina ukoo wake wa kifalme. Watoto wengi, viti vichache. Tena mtoto wa kijinchi kidogo hamtishi mtu.

— Basi ni kama fahali, akasema Dukicha. Ndugu wakigombania fahali wa nani apande kundi, unaazima wa boma la mbali. Ndama wanatoka wazuri, na hakuna ndugu aliyeshindwa.

— Fahali hurudishwa kwao, bwana, akasema Pekeshe. Hawa ni machipukizi ya mgomba. Unang'oa moja Bavaria unapanda Ugiriki, jingine unapanda Ubelgiji. Mwishowe mashamba yote ni shina moja, na ugonjwa ukiingia unapita kote.

Kutoka hapo hawakushikika. Pekeshe akaapa kwamba hata Wajerumani waliokaa Witu zamani walikuwa wakimtafutia kitinda mimba fulani kiti, wakakuta mbu. Dukicha akadai yale masharubu yalikuwa chapa, ili mtoto akipotea ajulikane ni wa boma gani. Kalenda alizitazama picha tena, akakiri kwamba yawezekana.

Katika kicheko kile wakapatana. Mlinzi wa malka awe mtu wa mbali, asiye na ng'ombe wala mgomba. Macho yakamwangukia Buya. Gogo letu lina desturi yake: anayepewa kazi hupitishiwa bakuli la buni, na akila punje tatu, amekubali. Dukicha akampelekea bakuli kwa mikono miwili. Buya akashukuru, akala, akaisifu samli. Wale wawili wakapeana mikono, wakarudi kubishana Wagiriki walimpa yule kijana ng'ombe wangapi.

Baadaye kidogo pantoni ikafika, akapanda kutoka mtoni Sidi, muuza vyungu, ambaye hatukuwahi kumwona. Akatuamkia, akaketi kupumzika. Wakamweleza kwa fahari jinsi mlinzi alivyopatikana na jinsi alivyokula buni.

— Na alijua kwamba kula ni kukubali? akauliza Sidi.

Kalenda alifunua kurasa zake kana kwamba jibu limo humo. Pekeshe akasema tumuulize mwenyewe, tukageuka. Pembeni mwa gogo palikuwa patupu. Pantoni ilikwisha kufika katikati ya mto, na Buya alikuwa akitupungia mkono kwa furaha, bado anatafuna.

— Yule wa Ugiriki, akasema Kalenda polepole, alikaa karibu miaka thelathini ndipo wakamwondoa kwa meli.

— Wetu kajiondoa mwenyewe, akasema Dukicha, na kicheko kikamtoka. Kisha ng'ombe wakalia tena, kikakatika.

Pekeshe akalivuta bakuli. Akachukua punje tatu, akazila moja moja, akijua anachokula. Akampa Dukicha bakuli.

— Wewe utailinda migomba yangu, Fahali. Mimi nitawapitisha ng'ombe wako.

Dukicha akala tatu. Wakaondoka pamoja kwenda kuiondoa miiba.

Majina ya wafalme wale unaweza kuyasahau, hata mimi baadhi yameniponyoka. Ila swali la Sidi, tafadhali, likumbuke.