Vigoda vya Koko Bahia

Leo, Ijumaa tarehe 30 Juni 1967, zahanati yetu ya Mahabibo inampoteza muuguzi Bahia Elamine, tunayemwita Koko, yaani bibi, anayestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi: kumi na sita kule Nosy Be, kumi na mitano hapa Mahajanga.

Alianzia kijiji cha Andilana, huko huko Nosy Be, akifagia chumba cha sindano. Huko ndiko alikowaona watoto wanaocheza vizuri mchana, lakini jua likizama wanapapasa ukuta. Majirani walisema ni jini. Bahia akachungulia sufuria zao: wali mweupe asubuhi, wali mweupe jioni, na maini ya Idd, kwa desturi yetu, ni ya mwenye nyumba. Hakugombana na akina baba. Aliwaambia tu kwamba anayekula ini la mwanawe leo ajiandae kumshika mkono kesho. Tangu hapo tonge la kwanza la ini likawa la mtoto.

Kipimo chake ni vigoda sita. Huvipanga uani kabla ya Maghrib, akamwita mtoto apite katikati. Anayejikwaa hupewa mafuta ya ini la samaki, na mama yake huagizwa kisamvu, papai na embe bivu.

Mwandishi wa wasifu huu, Djaanfar mtunza ghala, mtu aliyejijenga kwa kujinyima, alikidharau kipimo hicho. Mapapai ya shambani kwake yalikwenda sokoni yote. Yeye alishindia wali na chai, akijisifu kwa hesabu. Jioni moja akakatiza uani na debe la mafuta yale yale kichwani. Akagonga kigoda cha kwanza, akagonga cha tatu, cha tano akakikalia bila kupenda. Akalaumu vigoda.

“Djaanfar mwanangu,” akasema Bahia, “panga foleni na wenzako.”

Akapanga, nyuma ya mtoto wa miaka minne aliyemwonea huruma waziwazi.

Kicheko kando. Juzi Hayrat, binti wa miaka mitatu wa mtaa huu, alivigonga vyote sita. Akiachwa, macho yatakauka, yatapata vidonda, na hapo hakuna mafuta yatakayoyarudisha. Anatakiwa kupimwa tena Jumatatu. Tumeomba mara tatu mtu wa kushika nafasi ya Bahia. Tumejibiwa kwamba jambo linatazamwa.

Koko Bahia, ahsante. Tunakuombea afya, usingizi mrefu, na maini ya Idd yasiyogombewa na mtu.

Nawe, Mganga Mkuu uliyekaa kiti cha mbele: ni nani atakayepanga vigoda Jumatatu? Tutajie jina lake kabla ya Maghrib ya leo, tungali tunaonana.